Usonji, Utani na Dhihaka: Nani Anamcheka Nani?

Mtoto anayekulia Masasi au Newala hujifunza mapema kwamba vicheko havifanani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", naye mjukuu hujibu kwamba hataki mke asiye na meno. Wote wawili hucheka, wala hakuna anayeudhika. Maneno hayo hayo yakitamkwa na mpita njia sokoni huwa ni matusi. Tofauti haimo katika maneno, bali imo katika uhusiano uliopo baina ya anayesema na anayeambiwa.

Makala haya yanatumia maarifa hayo, ambayo kila mwanafunzi wa kusini anayo tayari, kueleza jambo ambalo wataalamu wa elimu-nafsi walichelewa kulitambua: kwamba watu wenye usonji wana ucheshi wao, na kwamba wengi wao huutumia kuyacheka maisha yao wenyewe.

USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza tangu utoto wa awali na kuendelea maishani. Hauambukizwi, wala hausababishwi na malezi mabaya, chanjo au uchawi. Urithi wa jeni una sehemu kubwa katika chanzo chake. Mwenye usonji huwasiliana na wenzake kwa namna tofauti na ilivyozoeleka. Hupenda utaratibu usiobadilika. Aghalabu huwa na jambo moja analolipenda na kulichunguza kwa undani. Na huenda sauti, mwanga au mguso ambao wengine hawausikii ukamtaabisha sana. Baadhi hawasemi kabisa na huhitaji msaada wa kila siku. Wengine husoma hadi chuo kikuu.

Hali hii ilielezwa na daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, mwaka 1943, kutokana na watoto 11 aliowachunguza. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya watoto wenye usonji katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba usonji ni hali ya Ulaya na Marekani tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Ingawa kadirio hilo ni la dunia nzima na haliwezi kuhamishiwa moja kwa moja katika shule fulani, linatosha kuonyesha kwamba mwalimu atakayefundisha kwa miaka mingi atakutana na mwanafunzi wa namna hii, hata kama hakuna aliyempima.

DHANA KWAMBA HAWANA UCHESHI

Mwaka 1944 daktari Hans Asperger wa Vienna aliandika kwamba watoto aliowaangalia walikosa ucheshi wa kweli. Hata hivyo yeye mwenyewe alikiri kwamba baadhi yao walikuwa hodari wa kucheza na maneno, tena kwa werevu mkubwa. Sehemu ya kwanza ya maelezo yake ndiyo iliyoshikwa na waliomfuata. Sehemu ya pili ikasahauliwa.

Mwaka 2002 Vasudevi Reddy na wenzake, nchini Uingereza, walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo wenye usonji, wakiwalinganisha na watoto wenye hali ya Down. Waligundua kwamba makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa wingi wa vicheko. Tofauti ilikuwa katika kinachochekesha. Watoto wenye usonji walicheka kwa nadra mtu alipokunja uso kwa makusudi ili kuwachekesha, na aghalabu hawakujiunga na kicheko cha wengine. Walicheka zaidi kwa sababu ambazo watu wazima waliokuwapo hawakuzielewa.

Tokeo hilo linataka kufikiriwa kwa makini. Kicheko kisichoeleweka na mtazamaji si lazima kiwe kicheko kisicho na sababu. Huenda upungufu uko kwa mtazamaji.

JINSI KICHEKESHO KINAVYOFANYA KAZI

Kichekesho kwa kawaida hufuata hatua tatu:

(a) Msikilizaji hupelekwa kutarajia jambo fulani.
(b) Jambo jingine hutokea, nalo huvunja tarajio hilo.
(c) Msikilizaji huona ghafla kwamba jambo hilo jingine nalo lina mantiki yake.

Chukua mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Mwalimu anasema: "Tegeni masikio." Mwanafunzi mwenye usonji anauliza: "Kwa chambo gani, mwalimu?" Neno kutega lina maana ya kuweka mtego, na mtego hutaka chambo. Darasa linacheka. Pengine mwanafunzi aliuliza kwa dhati, kwa kuwa wenye usonji wengi huyachukua maneno kama yalivyo. Pengine alitania kwa makusudi. Sauti na uso wake huenda visionyeshe ni lipi kati ya hayo mawili. Mwalimu asiyemjua atamwadhibu kwa ufidhuli, ilhali mtoto amefanya uchambuzi halisi wa lugha.

WENYE USONJI WANAPOJICHEKA

Mfano wa pili, nao wa kutungwa, ni wa kijana mwenye usonji anayewasimulia wenzake hivi: "Nilimwuliza rafiki yangu, habari gani? Akajibu, nzuri. Kumbe ana malaria, na jana ameibiwa baiskeli. Halafu mimi ndiye ninayeambiwa sijui mawasiliano!"

Mwanzoni msikilizaji anamcheka kijana kwa kutojua kwamba "nzuri" ni desturi tu. Mwishoni anajicheka yeye mwenyewe, kwa sababu anaona kuwa desturi hiyo, ikitazamwa na mtu wa nje, ni ya ajabu kweli. Hakuna aliyetukanwa. Mwenye usonji ameeleza taabu yake ya kila siku, na papo hapo ameonyesha kwamba taabu hiyo ina pande mbili.

Ucheshi wa namna hii upo duniani. Mwaka 1998 mwanaharakati mmoja wa Marekani mwenye usonji alitunga tashtiti maarufu juu ya taasisi ya kubuni inayochunguza watu wasio na usonji. Kwa lugha nzito ya kidaktari, watu hao wa "kawaida" wanaelezwa kama wagonjwa: wanashughulishwa mno na mambo ya jamii, wanajiona bora kuliko wengine, na wanang'ang'ania kufanana. Mchekeshaji Hannah Gadsby wa Australia, ambaye ana usonji, katika onyesho lake la Douglas lililorekodiwa na kutolewa mwaka 2020, anasimulia somo la sarufi ambamo maswali yake juu ya sanduku la mfano yalimtoa mwalimu katika subira. Hadhira inalitazama somo hilo kwa macho ya mtoto, na mantiki ya maswali yake inaonekana wazi.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza mwenye usonji, aliitolea hali hii nadharia. Alidai kwamba kutoelewana baina ya mwenye usonji na asiye nao si kasoro ya mmoja, bali ni tatizo la wote wawili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na Catherine Crompton na wenzake ulijaribu jambo linalokaribiana na hilo. Watu wazima 72 waligawanywa katika minyororo 9 ya watu 8, na kila mtu alimsimulia mwenzake habari aliyopokea. Minyororo ya wenye usonji peke yao ilihifadhi habari sawasawa na ile ya wasio na usonji. Iliyochanganya watu wa aina zote mbili ndiyo iliyopoteza habari zaidi. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2025 haukuuona tena upungufu huo wa minyororo ya mchanganyiko, lakini ulionyesha tena kwamba wenye usonji hupashana habari vizuri kama wengine. Hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda: tokeo moja hupimwa tena kabla ya kuaminiwa.

FUNDISHO LA UTANI

Katika miaka ya 1940 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alichapisha maelezo juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown naye alieleza kanuni ya mahusiano hayo: mmoja ana ruhusa ya kumtania mwenzake, na mwenzake ana wajibu wa kutokasirika. Kila mtu aliyelelewa katika utani anajua masharti yaliyobaki. Anayetaniwa ana haki ya kujibu. Tena mtani ana wajibu: msiba ukitokea, watani huwa miongoni mwa watu wa kwanza kushika kazi.

Masharti hayo ni kipimo kizuri cha kicheko kinachomhusu mwanafunzi mwenye usonji. Je, anaweza kujibu? Je, wanaomcheka watamsaidia akipatwa na shida? Kama majibu ni hapana, huo si utani. Ni dhihaka, na wahenga walionya: mzaha mzaha hutumbua usaha.

Uwanda wa juu wa Makonde una fundisho jingine. Karl Weule wa Leipzig, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika juu ya ngoma za vinyago. Mcheza kinyago huficha uso wake na kuwa mtu mwingine, lakini ngoma ina mwanzo na mwisho, na baadaye hukivua akapumzika. Watafiti wa usonji wameona kwamba wengi wenye hali hiyo huficha tabia zao kutwa nzima: hujilazimisha kutazama watu machoni, huiga vicheko, huzuia mikono isitikisike. Jambo hilo huwachosha, na limehusishwa na wasiwasi na huzuni. Anayeweza kusimulia kichekesho juu ya usonji wake mbele ya wenzake amepata nafasi ya kukivua kinyago.

WAJIBU WA MWALIMU

Mwalimu si tabibu, na hapaswi kumbandika mwanafunzi jina la usonji kwa kumtazama tu. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa afya. Anaweza, hata hivyo, kufanya haya:

1. Aeleze maana ya nahau anazotumia, na aseme wazi anapotania.
2. Asimlazimishe mwanafunzi kucheka pamoja na wengine.
3. Asimtumie mwanafunzi kama mfano wa kuchekesha darasa. Ruhusa ya kuucheka usonji hutolewa na mwenye nao, naye anaweza kuiondoa wakati wowote.
4. Mwanafunzi anapojitania, amsikilize kwanza. Mara nyingi ndani ya kichekesho mna ombi: kelele zimezidi, ratiba imebadilishwa bila taarifa, au maelekezo hayakukamilika.
5. Akomeshe dhihaka mapema. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu, na shule haimo nje ya sheria.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja nahau tano za Kiswahili, kisha eleza maana ambayo mtu anayechukua maneno kama yalivyo angeipata katika kila moja.
2. Katika kisa cha "habari gani", onyesha hatua (a), (b) na (c) za kichekesho.
3. Waulize wazee wa kwenu masharti ya utani. Yapi yangefaa kuwa kanuni za darasa lenu?
4. Kwa nini utafiti wa mwaka 2020 ulihitaji minyororo ya aina tatu badala ya mbili?