Msitu wa Miti ya Namna Moja, na Hesabu Yake

Mzee mmoja wa usharika ametuuliza hivi: "Misonobari yetu imetimiza miaka 18. Je, tuikate yote mara moja tupate bati za kanisa, ama tufanyeje?" Swali hili si dogo, nasi twataka kulijibu kwa hesabu.

Mwaka 1941 serikali ilitenga ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu wa Kilimanjaro kwa haja za Wachagga, na humo ikapandwa miti ya kigeni. Kadhalika huko Rongai na Kilimanjaro ya Magharibi. Faida yake yajulikana: hukua upesi, na baada ya miaka 25 hivi yafaa kupasuliwa mbao. Lakini miti ya namna moja yaweza kuangamizwa na adui mmoja. Mdudu mfyonza utomvu wa saiprasi alionekana Malawi mwaka 1986, na mwaka 1990 alikuwa amekwisha fika Kenya, akikausha miti. Ujerumani nako, baada ya ukame wa 2018, mbawakawa waliharibu misitu mikubwa ya sprusi. Na profesa Karl Gayer wa München alikuwa ameandika kitabu juu ya msitu wa mchanganyiko tangu mwaka 1886!

Basi, mkikata yote, fedha huja siku moja. Kisha mwanunua miche, mwapalilia, mwangoja miaka mingi mikono mitupu, na mvua yachukua udongo. Mkitoa mti mmoja katika kila minne, na baada ya miaka kadhaa tena vivyo hivyo, fedha huja kidogo kidogo, na nuru huingia chini, ambapo miti ya asili huota yenyewe ikiwa mama zao wako karibu. Hapo gharama ya miche hupungua.

Hatuwafichi hasara. Kuangusha mti bila kuvunja michanga ni kazi ya fundi, na ujira wake si mdogo. Miti ya kwanza kutolewa ni ile iliyopindika, na bei yake ni duni. Mpodo watauvuna wajukuu. Tena usharika wenye deni la riba waweza kupata hasara kwa kungoja.

Lakini kihamba chatufundisha jambo: kahawa, migomba na miringaringa hukaa pamoja, na bei ya kahawa ikianguka, ndizi hulisha nyumba.

Kwa hiyo twamjibu mzee wetu: kateni robo, mkianzia mbali na mfongo. Bati za upande mmoja wa paa zitangoja. Na mringaringa mkongwe ulio mpakani usiguswe, kwani ndio utakaoleta mbegu.