Dawa ya sonona ikikudhuru: tiba kwanza, ushahidi pili, madai tatu

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000 katika Ituri, mashariki mwa Kongo, walifikishwa hospitalini shingo zimepinda, ulimi umetoka nje, macho yamegeukia juu. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Madaktari Wasio na Mipaka walipopeleka dawa za wagonjwa maabara, ikagundulika kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, vilikuwa na haloperidoli, dawa kali wanayopewa wagonjwa wanaosikia sauti na kuona visivyokuwapo. Watu 11 walikufa, na miongoni mwa walioathirika watoto wadogo walikuwa wengi.

Ukweli ule ulijulikana kwa sababu vidonge vilihifadhiwa, vikapimwa. Anayetumia dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, hapa Kamina anapaswa kulikumbuka hilo. Dawa ikikudhuru, kitakachokutetea mbele ya daktari na mbele ya hakimu ni vitu ambavyo watu wengi huvitupa siku ileile: boksi, karatasi ya munganga aliyekuandikia dawa, na risiti ya farmasi.

Madhara ya kawaida

Amitriptilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hukausha mdomo, huleta usingizi, hufunga choo, hutia ukungu machoni, na humpa mtu kizunguzungu anapoinuka ghafla. Kwa wazee, hasa wanaume wenye tatizo la tezi dume, inaweza kuzuia mkojo. Ikizidi kipimo huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Kwa hiyo isiwekwe mahali ambapo watoto wanafika.

Fluoksetini, nayo imo katika orodha hiyo, huleta zaidi kichefuchefu, kukosa usingizi, wasiwasi na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Wengi huona aibu kulisema hili la mwisho, wakaacha dawa kimyakimya. Mwambie munganga. Anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.

Madhara hutangulia, nafuu hufuata. Mara nyingi hupita wiki mbili hadi nne kabla ya huzuni kuanza kupungua, na mengi ya madhara madogo hupungua katika muda huohuo.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usingoje siku ya miadi ukiona mojawapo ya haya:

- moyo kwenda mbio au kupiga bila mpangilio, au kuzimia;
- kushindwa kabisa kukojoa;
- degedege;
- homa, jasho jingi, kutetemeka, misuli kukakamaa na akili kuchanganyikiwa kwa pamoja;
- shingo, taya au ulimi kujipinda;
- mawazo ya kujiua, au mtu kubadilika ghafla na kuwa na fujo asiyoizoea.

Mawazo ya kujiua yafuatiliwe hasa kwa vijana. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liandikwe kwenye dawa zote za sonona kuhusu watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24, hasa katika wiki za mwanzo. Haimaanishi kijana anyimwe dawa. Jamaa wakae naye karibu, mtu mzima amtunzie vidonge, na wamuulize waziwazi anavyojisikia. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani.

Usichanganye, usiache ghafla

Tramadoli, ambayo wengi huimeza kwa maumivu au uchovu wa kazi, ni hatari ikikutana na dawa za sonona: inaweza kuleta degedege, au ile hali ya homa na kukakamaa. Kinini na baadhi ya dawa nyingine za malaria hugusa mapigo ya moyo, kama amitriptilini inavyofanya. Kwa hiyo ukienda kutibiwa malaria, taja dawa zote unazokunywa. Lutuku na pombe nyingine huzidisha usingizi na kulegeza pumzi.

Dawa ikikusumbua, usiikate siku moja. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hasira, na sonona yenyewe inaweza kurudi. Munganga ndiye wa kupanga namna ya kuipunguza. Dalili za hatari nilizotaja ni jambo jingine: hapo usimeze kidonge kingine, nenda hospitali mara moja. Kwa mgonjwa anayehitaji bingwa wa akili, kituo cha Joseph Guislain kiko Lubumbashi.

Weka ushahidi siku ileile

1. Hifadhi vidonge vilivyobaki ndani ya boksi lake. Namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda visifutike.
2. Tunza karatasi ya munganga na risiti. Kama farmasi haitoi risiti, iombe kabla ya kulipa.
3. Andika tarehe ya kuanza dawa, kipimo, saa ya kumeza, siku dalili zilipoanza, na dawa nyingine ulizokunywa.
4. Hospitalini, omba cheti cha daktari kinachoeleza alichokiona. Usiondoke bila nakala.

Toa taarifa

Kutoa taarifa si kumshtaki mtu. Mweleze mhudumu wa afya, naye ajaze fomu ya madhara ya dawa na kuipeleka ofisi ya zoni ya afya. Kongo ina kituo cha taifa cha kufuatilia madhara ya dawa katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, na imo katika mpango wa dunia wa ufuatiliaji huo. Dawa inayoshukiwa kuwa bandia ni jambo la mamlaka ya dawa, ACOREP. Taarifa hizi hazikulipi fidia, lakini zinaweza kumwokoa jirani anayemeza vidonge vya toleo hilohilo.

Nani anawajibika?

Kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo, kifungu cha 258, kinasema anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Cha 260 kinamfanya mwajiri awajibike kwa makosa ya wafanyakazi wake, kwa hiyo hospitali au mwenye farmasi anaweza kuitwa mahakamani.

Anayedai lazima athibitishe mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba kosa lile ndilo lililoleta hasara ile. Hapa ndipo kesi nyingi zinapokwama. Mdomo mkavu ulioonywa mapema si kosa la mtu. Kuuziwa dawa tofauti na iliyoandikwa, kupewa kipimo maradufu, au kuuziwa vidonge vilivyopitwa na muda, hayo ni makosa.

Uzembe ulioua au kujeruhi ni jinai pia, kwa vifungu vya 52 hadi 54 vya sheria ya adhabu. Ukilalamika kwenye parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na kujiunga na kesi kama mdai, tribinali inaweza kuamua adhabu na fidia pamoja. Usichelewe: kosa la kujeruhi bila kukusudia hupitwa na muda baada ya mwaka mmoja. Madai ya kawaida ya fidia yana muda mrefu zaidi, lakini vidonge na mashahidi havingoji.

Asiye na pesa ya wakili aulize ofisi ya ushauri wa bure ya chama cha mawakili, akiwa na cheti cha kutojiweza. Familia zikipendelea kupatana, ni halali. Ila makubaliano yaandikwe, yataje kiasi na tarehe ya malipo, na mgonjwa asitie sahihi asichosomewa.

Wengine wamesikia habari za mabilioni ya dola yanayolipwa na kampuni za dawa huko Marekani. Ni kweli kwamba mwaka 2012 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikubali kulipa dola bilioni 3 na kukiri makosa, likiwemo la kuitangaza Paxil, dawa ya sonona, kwa walio chini ya miaka 18. Lakini pesa ile ilihusu dawa kadhaa, na ilitokana na kesi ya serikali yenyewe. Kamina, kesi yako itasimama kwa daktari aliyekuandikia, farmasi iliyokuuzia, na karatasi ulizozitunza. Anza na hizo.