SOMO: RANGI, KABILA NA UTAMADUNI

Masomo ya kusomwa: Luka 10:25–37, Matendo 17:26



Hapa Shumba, mgeni huulizwa kwanza, "Wewe wa wapi?" Ni swali la adabu. Lakini mara nyingine nyuma yake limejificha swali la pili: "Wewe ni mwenzetu, au si mwenzetu?" Tujifunze maneno matatu yatakayotusaidia kulijibu hilo la pili.

1. Rangi. Tukiona ngozi na nywele hudhani tumekwisha kumjua mtu. Wataalamu wametuonyesha kwamba katika kila sehemu 1,000 za urithi wa mwili tunaopewa na wazazi, kama 999 ni sawasawa kwa wanadamu wote. Basi ubaguzi hautoki katika damu, hutoka katika sheria na desturi za watu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Waingereza hapa Zanzibar iligawa chakula kwa kufuata asili. Waarabu na Wahindi walipata mchele, Waafrika wakapewa mahindi. Jina lililoandikwa karatasini likaamua chakula cha watoto. Chuki za namna hiyo zikakua, na katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 watu 68 waliuawa Unguja.

2. Kabila. Hawa ni watu wanaojiona wamoja kwa ukoo, lugha na historia. Lakini mpaka wa kabila si ukuta wa mawe. Jirani zetu hujiita Wapemba, Washirazi au Waarabu, na wengine hutumia majina mawili pamoja. Tazameni wavuvi waliotoka Pemba wakahamia pwani ya Kenya kabla ya uhuru wa nchi ile mwaka 1963. Wajukuu wao walizaliwa huko, lakini kwa kukosa kitambulisho walishindwa kupata leseni ya uvuvi na hata kufungua akaunti ya benki. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa kabila mojawapo la nchi hiyo. Watu ni wale wale na bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni kutambuliwa.

3. Utamaduni. Huu ni mwenendo wa maisha: lugha, mapishi, mavazi, adabu. Mtu hujifunza utamaduni, hazaliwi nao. Mkristo ambaye babu yake alivuka kuja kuchuma karafuu, naye amelelewa hapa na anasema Kipemba, asiambiwe kuwa ni Mbara kwa sababu tu anakwenda kanisani. Nasi tusikae baada ya Misa tukawasema jirani zetu Waislamu kana kwamba wote wana tabia moja. Hayo ni makosa mamoja yenye pande mbili.

Mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani. Akajibiwa kwa habari za Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, aliyetenda jema. Jirani hutambulikana kwa tendo. Jirani akifiwa, tusiulize asili yake ndipo tushike jembe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
(a) Ni majina gani ya dharau tunayowaita watu, nasi watoto wetu wakisikia?
(b) Ni jirani gani wa dini nyingine ambaye hatujapata kumtembelea alipougua?

Tuombe: Ee Mungu, Baba wa wote, utufundishe kumtambua mwenzetu kabla hatujamwuliza jina la kabila lake. Amina.