Ukipanda kwa Njia ya Marangu, Lala Horombo Mara Mbili

Kila inapokaribia Desemba 9, Siku ya Uhuru, Watanzania wengi hukusanyika lango la Marangu kupanda Kilimanjaro. Kama nawe umo, na umepangiwa safari ya siku tano, nakuomba uongeze ya sita.

Kati ya njia zote za kupandia mlima huu, Marangu ndiyo pekee ambayo mpandaji hulala kwenye vibanda, hahitaji hema. Usiku wa kwanza hulala Mandara, mita 2,720, katikati ya msitu. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, takriban mita 4,700. Paa na godoro huwafanya watu waione njia hii nyepesi. Lakini tazama hizo namba: kutoka kituo hadi kituo unapanda karibu mita 1,000, ilhali ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku.

Ndiyo maana siku ya ziada huwekwa Horombo. Asubuhi unatembea polepole kuelekea Mawenzi, mwili unaonja hewa nyembamba, kisha unarudi kulala palepale.

Begi la kulalia chukua lile la baridi kali. Kibo hakuna chanzo cha maji. Kila tone la kunywa na kupikia limebebwa na wagumu, yaani wapagazi, kutoka chini, kwa hiyo usilimwage ovyo. Betri za tochi ya kichwani lala nazo ndani ya begi, maana baridi huzimaliza, na safari ya kileleni huanza karibu saa sita usiku.

Kichwa kuuma na kichefuchefu huwapata wengi. Mwambie mwongozaji mapema, usione haya. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema ukiwa umekaa tu, hiyo ni hatari ya kifo, na tiba yake ya kwanza ni kushuka papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Aliyechanganyikiwa mara nyingi hubisha kwamba yu mzima. Basi patanani mkiwa bado langoni: atakayemwona mwenzake anayumba amwite mwongozaji, hata mwenyewe akikataa.