Je, Namba Tambulishi ya Simu Inaweza Kubadilishwa?

Mnunuzi wa simu iliyokwisha kutumika hukagua kioo, betri na kamera, lakini mara nyingi husahau namba tambulishi. Ilhali namba hiyo ndiyo itakayoamua iwapo simu yake itaendelea kupokea huduma ya mtandao au itazimwa. Katika somo hili tunaeleza namba hiyo ni nini, iwapo inaweza kubadilishwa, na namna mtumiaji anavyoweza kujilinda.

Namba tambulishi, ijulikanayo kwa kifupi kama IMEI, ina tarakimu 15. Tarakimu 8 za mwanzo hubainisha aina ya simu, 6 zinazofuata huitofautisha simu hiyo na nyingine za aina yake, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na 14 zilizotangulia ili kufichua makosa ya uandishi. Ili kuiona, piga *#06#. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili.

Wapo wanaodhani kwamba kubadili laini hubadili namba hii. Sivyo. Namba ni ya kifaa, wala si ya laini. Vilevile, kufuta kila kilichomo na kuirejesha simu katika hali ya kiwandani hakuigusi.

Hata hivyo, si kweli kwamba haiwezi kubadilishwa kabisa. Namba huandikwa ndani ya simu wakati wa kutengenezwa, na watengenezaji huilinda kwa viwango tofauti. Katika baadhi ya simu, mtu mwenye programu maalumu anaweza kuandika namba nyingine juu ya ile ya asili. Nchini Tanzania, kufanya hivyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Anayebadili namba ya simu ya wizi huenda akaipachika namba ya simu halali ya mtu mwingine. Simu mbili zikawa na namba moja. Moja ikifungiwa, na nyingine hufungwa pamoja nayo, na asiye na hatia akabaki bila mawasiliano. Naye aliyeinunua simu hiyo kwa nia njema hujikuta akihojiwa juu ya wizi asioujua.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, fanya mambo matatu:

1. Linganisha namba inayojitokeza kwa *#06# na ile iliyoandikwa kwenye boksi na risiti. Zikitofautiana, usinunue.

2. Tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litaonesha aina ya simu. Ukijibiwa aina tofauti na iliyo mkononi mwako, hiyo ni dalili kwamba namba imechezewa.

3. Dai risiti yenye namba tambulishi, jina la muuzaji na tarehe.

Tahadhari hiyohiyo ichukuliwe kwa fundi. Andika namba kabla ya kumkabidhi simu, kisha ihakiki unapoichukua. Ipo sababu moja halali ya namba kutofautiana: simu ikibadilishiwa bodi kuu, hutambulika kwa namba ya bodi iliyowekwa. Katika hali hiyo, mtake fundi akupe maelezo ya maandishi na risiti ya kifaa hicho. Fundi akikuahidi kuifungua simu iliyofungiwa kwa kuibadilishia namba, kataa. Anakushirikisha katika kosa.

Simu ikiibwa au ikipotea, toa taarifa polisi, kisha mpelekee mtoa huduma wako taarifa hiyo pamoja na namba tambulishi ili simu ifungiwe. Wengi hukwama hapa kwa kuwa hawakuiandika namba hiyo mapema, na simu ikishatoweka haiwezi tena kupigwa *#06#. Wengine wameihifadhi ndani ya simu yenyewe, ikapotea nayo.

Tunakushauri, basi, usilifunge somo hili bila kulitekeleza. Piga *#06# sasa, andika tarakimu 15 katika daftari, na uziweke pamoja na risiti mahali salama nyumbani.