Haiba ya Mtu Mchangamfu: Uwezo, Udhaifu na Kazi Zinazomfaa

Haiba ni jumla ya tabia zinazomtofautisha mtu na mwingine: anavyofikiri, anavyohisi na anavyohusiana na watu. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uswisi, alitoa kitabu kuhusu aina za haiba. Alieleza kuwa wapo watu ambao nguvu ya fikra zao huelekea nje, kwa watu na matukio, na wapo ambao huelekea ndani, kwenye mawazo yao wenyewe. Hapa tutawaita wachangamfu na wakimya. Hakuna aliye wa upande mmoja tu. Tunaangalia anakoelemea zaidi.

Uwezo

Mchangamfu huzoeana na watu upesi, haoni haya kuuliza swali, na hujifunza vizuri kwa kujadiliana. Mara nyingi ndiye kiranja, na ndiye anayesukumwa mbele siku ya mdahalo.

Udhaifu

Husema kabla ya kufikiri, huahidi kuliko anavyoweza kutimiza, na huchoshwa na kazi ya kukaa peke yake. Hapo ndipo alama zinapopotea. Katika kikundi cha kujisomea jioni, yeye ndiye anayewaeleza wenzake mada, na wote huondoka wakiamini ameiva. Lakini kueleza ni jambo moja na kuandika ni jingine. Katika chumba cha mtihani hakuna wa kumwitikia. Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi wa aina hii: hoja ya kwanza imejaa, ya pili nusu, ya tatu haipo. Ukijiona hapa, jibu swali moja zima kwa maandishi, peke yako na kwa muda wa mtihani, kabla ya kwenda kwenye kikundi.

Kazi zinazomfaa

Hutajwa ualimu, uuguzi, ustawi wa jamii, utangazaji, mauzo, mapokezi ya hoteli, uongozaji watalii na uwakili. Orodha ni sahihi, ila watahiniwa wengi huishia hapo. Kila kazi ina upande wa watu na upande wa meza. Wakili tunamwona akizungumza mahakamani. Hatumwoni akisoma majalada na kuandika hati kwa siku nzima. Muuguzi humliwaza mgonjwa, kisha lazima aandike dawa aliyompa, kiasi na saa. Asipoandika, mwenzake wa zamu inayofuata anaweza kurudia dozi ileile. Tena mlango wa uuguzi hufunguliwa na ufaulu wa masomo kama Kemia na Baiolojia, ucheshi peke yake hautoshi.

Kwa hiyo unapochagua tahasusi, usijaze HGL kwa sababu tu mtaani wanakuambia una mdomo wa wakili. Tazama alama zako za Historia, Jiografia na Kiingereza, kisha jiulize kama unaweza kukaa na kitabu saa mbili bila kumtafuta wa kuzungumza naye. (Na wewe mkimya, usiufute ualimu kwenye orodha yako. Wapo wakimya wanaofundisha vizuri sana.)

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya mtu mchangamfu na mkimya.
2. Taja udhaifu mmoja wa mchangamfu na uoneshe unavyoweza kumwathiri katika mtihani.
3. Mwanafunzi hodari wa mdahalo anataka kuwa muuguzi, lakini anachukia kuandika kumbukumbu. Mshauri kwa hoja tatu.