SOMO: KUNI ZA MSONOBARI NA BEI YAKE



Hapa Bujumbura, kando ya ziwa, hatuwashi moto ili kuota. Tunapika tu. Lakini wenzetu wengi wako juu, Bugarama, Teza na Rwegura kwenye chai, mita 2,000 na zaidi, ambako usiku wa Julai baridi huingia mpaka mifupani. Huko kuni hula mshahara kama unga unavyokula. Na kwa kuwa miaka ya 1970 na 1980 milima yetu ilipandwa misonobari na kalitrisi, kuni za miti hiyo zinauzwa pamoja na za mkalitusi. Je, nguvu yake ni sawa?

Inategemea unapima kwa nini. Kwa kilo, kuni kavu za miti yote hukaribiana. Msonobari huzidi kidogo kwa ajili ya utomvu wake. Lakini nani kwetu hununua kuni kwa kilo? Tunanunua kwa mzigo, au kwa steri, yaani rundo la mita moja kila upande. Hapo ndipo mfanyakazi hupunjwa bila kujua. Msonobari mkavu una uzito wa kilo 450 hivi kwa mita ya ujazo, na sipresi ni karibu hivyo hivyo. Mkalitusi hufika 700. Basi steri tatu za msonobari ni karibu sawa na mbili za mkalitusi. Tuseme mkalitusi ni faranga 30,000: msonobari usizidi 20,000.

Kalitrisi, mti wa Australia, ni mzito, unaukaribia mkalitusi. Lakini mchwa hawaupendi, kwa hiyo ni nguzo nzuri. Kuutia motoni ni hasara, kwa maoni yangu.

Jambo la pili ni maji. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na moto hufanya kwanza kazi ya kuyakausha maji hayo. Mahali pamoja milimani mwajiri aliahidi kuni katika mkataba. Akaleta steri zote kamili, msonobari mbichi, wakati wa mvua. Watoto walikohoa, na chakula hakikuiva. Kwa karatasi alikuwa ametimiza ahadi. Tangu hapo tunadai mkataba uandike aina ya mti na neno “kavu”.

Msonobari hupasuka kwa urahisi na hukauka upesi. Ununue Juni, upasue, upange juu ya mawe, ufunike juu tu, pande ziachwe wazi. Pima kipande kimoja kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Huwaka haraka, ni mzuri kwa kuanzishia moto, lakini makaa yake hayadumu. Usiku tia mkalitusi. Utomvu nao huacha masizi mengi, kwa hiyo bomba la moshi lisafishwe mara kwa mara.

Na mazamu, walinzi wa usiku, wasikilize hili: mbabura ya makaa isiingizwe kamwe katika kibanda kilichofungwa. Makaa yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hufa akiwa usingizini.

Katika mkutano ujao kila mjumbe wa milimani alete kipande kimoja cha kuni anazopewa. Tutakipima kwenye mizani, tukikaushe, tukipime tena.